Kuku wa Mama Mkwe, Uwanja wa Suna

Kila mnapokuja kwangu Uriri, ninyi vijana mnaotaka kuwa waamuzi wa kriketi, mnaniuliza mambo ya macho. Mnataka kujua mguu uliogongwa mbele ya vile viguzo vitatu vya mbao unapimwaje, mpira uliodakwa sentimita chache juu ya nyasi unaamuliwaje, na wingu la kutoka ziwani likitanda ni wakati gani wa kuwaondoa watu uwanjani. Hayo nitawafundisha, na mengi yake yamo katika kitabu cha sheria. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza habari za masikio, na mimi kazi hii niliifanya kwa masikio zaidi.

Aliyeniingiza humu alikuwa muuza misumari. Bwana Jayanti alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Suna, na kila Jumamosi alivaa koti jeupe akaenda kusimamia mechi katika uwanja wa shule, mkeka wa makumbi ukiwa umetandazwa juu ya udongo na kupigiliwa kwa misumari kutoka dukani kwake mwenyewe. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkuria niliyeolewa Uriri kwa Waluo. Nilikwenda kununua kitasa. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wa simiti akiyakanda magoti yake.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe unaweza kusimama juani mchana kutwa ukiwatazama watoto wakijaribu kukudanganya?"

"Hiyo ndiyo kazi inayonilisha."

"Basi njoo Jumamosi. Kazi ni ile ile, ila hawa watoto wana ndevu."

Nilikwenda. Mnajua mwamuzi huhesabu mipira ya kila ova, sita, na kwamba siku hizi mnatumia kile kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba. Wakati ule kila mtu alikuwa na mbinu yake. Mimi nilitia njugu karanga mfukoni, nikawa nahamisha moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto kila mpira uliporushwa. Mpango mzuri, ila sikuwa nimeihesabu hofu. Katikati ya ova mrushaji alinifokea kwa kukataa kumtoa mpigaji aliyegongwa mguuni, na mimi, bila kujua mkono wangu unafanya nini, nikala njugu moja. Nikaita ova imekwisha. Mrushaji akasimama akinitazama, mpira mkononi, kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Mwalimu," Bwana Jayanti akaniuliza wakati wa chai, "ule mpira wa sita uko wapi?"

Nikamwambia uko tumboni. Alicheka mpaka akashika nguzo. Jumamosi iliyofuata aliniletea vijiwe sita alivyookota ufukweni Homa Bay, vyeusi, laini, vimelambwa na maji miaka na miaka. "Hivi," akasema, "hata ukiogopa vipi huwezi kula." Ninavyo mpaka leo. Ni hivyo vilivyo juu ya redio.

Bwana Jayanti hakuwa mtu wa hotuba. Alinifundisha mambo matatu tu, na yote alinifundisha akiwa anatafuna mbegu za shamari. La kwanza: jicho liwe kwenye mguu wa mrushaji, sikio liwe kwenye gongo la mpigaji, na usiwahi kuyabadilishana. La pili: usinyanyue kidole cha kumtoa mpigaji kabla hujajiuliza mara ya pili, na ukishakinyanyua usikishushe kwa ajili ya sura ya mtu. La tatu nitalifikia.

Hilo la sikio lilinichukua muda mrefu. Mpira ukipita karibu na gongo hutoa sauti nyingi. Ukigusa kitambaa cha suruali unasikika kama mtu anayepangusa meza. Ukigonga kinga ya mguu, ni mlio mnene, kama gunia la mahindi linaloshushwa. Gongo likikwaruza mkeka, ni fagio. Lakini mpira ukigusa ukingo wa gongo, hata ukiugusa kidogo tu, husikika kama mtu aliyevunja kijiti cha kibiriti katika chumba cha pili, na mpira huo ukidakwa kabla haujatua, mpigaji ametoka. Upepo wa mchana ukianza kutoka ziwani huipeperusha sauti hiyo, kwa hiyo geuza shavu kidogo, sikio moja lielekee upepo utokako na lingine likae kivulini mwa kofia. Mazoezi niliyafanya jikoni kwa mama mkwe wangu. Nilikuwa nampa mgongo na kubashiri: sasa anakata sukuma, sasa anapepeta omena, dagaa wa ziwani, sasa amefunika sufuria. Yeye alidhani nimerukwa na akili, na kwa Kiluo chake cha polepole akawasimulia majirani hivyo hivyo, mbele yangu. Ndipo nilipojifunza lugha yake kwa dhati. Mtu hujifunza lugha haraka sana akisemwa kwayo.

Na hapo ndipo lilipokuja lile jambo la tatu la Bwana Jayanti. "Mwamuzi," alisema, "asionyeshe lugha anazozijua."

Wachezaji huongea, wanangu. Asiyewahi kusimama pale katikati hudhani kriketi ni mchezo wa ukimya, watu wamevaa vizuri wakisubiri chai. Lakini kipa amechuchumaa nyuma ya mpigaji, na wadakaji wamemzunguka kama fisi waliovaa viatu, na maneno hayakomi. Kazi yao ni kumtoa mtu akilini kabla mpira haujamtoa uwanjani. Sisi Kenya tumekulia mchongoano shuleni, ule wa kutupiana vijembe, kwa hiyo sisi hatukuhitaji kufundishwa. Watanzania nao walikuwa na mtindo wao, na nakiri ulikuwa unauma kuliko wetu, kwa sababu ulikuja umefungwa katika adabu. Nakumbuka kijana wetu mmoja aliingia uwanjani akitembea kwa maringo, akizungusha gongo begani. Mrushaji wao akamsubiri mpaka afike, akainamisha kichwa.

"Kaka, pole na safari. Umetoka mbali kuja kukaa kidogo."

Mpira uliofuata ukamwangushia viguzo. Na alipokuwa anaondoka, mrushaji yule yule akamwambia kwa upole kabisa, "Msalimie nyumbani." Kijana wetu alikuwa na matusi tele ya Sheng mdomoni, lakini utamtukanaje mtu aliyekutumia salamu?

Hiyo ndiyo mechi ninayotaka kuwasimulia. Timu yetu ya taifa na ya Tanzania zilicheza kirafiki pale Suna, karibu na mpaka, ili watu wa huku nao waone kriketi ya nchi kwa nchi. Waendesha bodaboda walipanga pikipiki zao kuuzunguka uwanja zikawa ndizo mstari wa mwisho wa uwanja. Akina mama wa Kikuria walileta ndizi, Waluo wakaleta samaki wa kukaanga, na lori la miwa lilipopita barabarani watoto walisahau mchezo wakalikimbilia.

Mimi nilikuwa na jambo langu siku ile. Chini ya hema, karibu na birika la chai, alikaa mkaguzi kutoka Nairobi. Alikuja kunipima mimi. Nikipita, ningeingia katika jopo la waamuzi wanaosafiri na timu za mataifa. Na kutoka kwetu hakuna mwanamke aliyekuwa ameingia. Umri ulikuwa umeshaanza kunihesabia. Nisipopita, ungebaki mwaka mmoja wa kujaribu, kisha kanuni ya umri ingenifungia mlango. Bwana Jayanti alikuwa hai bado, ameketi kando ya mkaguzi na mfuko wake wa shamari. Mnielewe basi: kila nilichofanya siku ile nilikifanya nikijua nani ananiangalia.

Sisi tulipiga kwanza, wakatutoa kwa adabu zao. Mchana wakaingia wao, na kipa wetu akachuchumaa nyuma ya viguzo. Aliitwa Ochieng', kijana wa Kisegi, mtoto wa wavuvi, mwenye mikono iliyodaka mpira kama vile mpira ulikuwa unarudi nyumbani. Na mdomo, Mungu wangu, mdomo wa Ochieng' ungeweza kuuza maji kando ya ziwa. Kwa Kiswahili alikuwa na akiba ndogo, kwa Kiingereza ndogo zaidi, lakini kwa Kiluo alikuwa tajiri. Na kwa kuwa mrushaji wetu naye alikuwa Mluo, walizungumza Kiluo mchana kutwa kama watu walioko shambani kwao. Nani angewaelewa? Nahodha wetu alikuwa kijana wa Nairobi. Wageni walikuwa Watanzania. Na mwamuzi alikuwa Madam Boke, jina la Kikuria lisilofichika, ambaye wao walikuwa wamemsikia akisema Kiswahili na Kiingereza tu. Hakuna aliyewaambia nimekula ugali wa mama mkwe wa Uriri kwa nusu ya maisha yangu.

Wapigaji wao wakaanza kutoka mmoja mmoja. Kisha akaingia mpigaji mmoja mrefu, mtaratibu, jina lake ubaoni Daudi Yakobo. Alichora mstari wake kwa ncha ya kiatu, akaniomba nimwelekeze alipo mbele ya kiguzo cha kati, akasema "ahsante mama," akaanza kukaa. Hakuwa mpigaji wa kupendeza. Alishika gongo kwa mikono miwili mbele ya kifua, akiinamisha kichwa, na kila mpira ulipokuja alirudi nyuma kidogo. Lakini hakutoka. Ova baada ya ova, hakutoka.

Ochieng' akamchoka. Akamwambia mrushaji kwa Kiluo, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu:

"Mwangalie huyu. Anashika gongo kama mtu anayempelekea mama mkwe kuku."

Sasa, ninyi mliolelewa kwa Waluo mnajua. Mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani ovyo, hawatazamani usoni. Akimpelekea kuku, kuku huyo humshika kwa mikono miwili, macho chini, huku anarudi nyuma hata kabla kuku hajapokelewa. Na ndivyo hasa alivyokuwa anapiga Daudi. Nilihisi kicheko kikipanda kutoka miguuni. Niliinama haraka, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikabaki huko chini nikiuma mdomo mpaka kikapita.

Nilipoinuka nilimwona Daudi akikohoa ndani ya glavu yake. Macho yetu yakakutana juu ya mkeka. Yalikuwa yamejaa machozi ya kicheko, kama yangu. Ndipo nilipojua, naye akajua kwamba nimejua. Ng'ambo ya mpaka wa Isebania, kule Rorya, Waluo wamejaa kama kwetu, ila Watanzania huandika jina la mtu na jina la baba yake, basi, na Daudi Yakobo anaweza kuwa mtu wa popote. Wawili sisi, tuliodhaniwa ni viziwi, tulikuwa ndio wasikilizaji wa Ochieng'. Nikahamisha kijiwe kutoka mfuko hadi mfuko, mchezo ukaendelea.

Nawaambia hivi ili mjue kwamba sikuwa mwamuzi wa kununa. Maneno ya namna ile ni sehemu ya mchezo kama vumbi. Lilikuwa la kweli, lilihusu kriketi, na aliyesemwa alilicheka. Ochieng' akaendelea, na mengine yalikuwa matamu. Mpira ulipompita Daudi bila kuguswa alimwambia usijali, ndugu, huo umeondoka, mwingine utakuja na gari la saa nane. Daudi akauma mdomo. Na mikimbio ikawa inaongezeka polepole. Watanzania wakaanza kuikaribia hesabu yetu. Hapo ndipo utani huanza kuchacha, wanangu, pale mtu anapoanza kushindwa.

Jua lilikuwa kali. Kati ya ova na ova Daudi alivua kofia ngumu ajipanguse jasho, na kwa mara ya kwanza tukakiona kichwa chake. Kilikuwa kimenyolewa chote kwa wembe, na ngozi yake ilikuwa bado haijazoea jua, nyeupe kuliko uso. Nilishaona vichwa vya namna hiyo. Niliona cha mume wangu wiki tuliyomzika baba yake. Nyumba ya Waluo ikifiwa, baada ya mazishi watu wake hunyolewa. Nikamtazama upya mtu huyu aliyekuwa anapiga kwa uvumilivu wa ajabu, nikaelewa ule uvumilivu ulikotoka.

Ochieng' naye alikiona kichwa. Lakini yeye alikiona kwa Mtanzania, si kwa Mluo, na kwa Mtanzania aliyemchosha. Akapiga glavu zake pamoja na kusema, kwa sauti ya kufikia mrushaji:

"Kumbe amenyolewa. Nani amekufa kwao, mama yake? Mwambie aende akamlilie huko, atuachie viguzo vyetu."

Mchongoano wetu wote huanza na mama, mnajua. Mtoto wa darasa la tatu huanza na mama yako. Ochieng' hakuchagua neno. Alilishika lililokuwa karibu. Mrushaji akacheka na kuanza kurudi kwenye alama yake.

Daudi hakugeuka. Aliirudisha kofia kichwani taratibu sana. Kisha akaondoka kwenye mstari, hatua moja tu, akanitazama mimi.

Hakulalamika. Nataka mlisikie hilo vizuri. Angenyanyua mkono, ningekuwa na njia rahisi. Nahodha wake alikuwa amekaa mbali hajui lolote. Kwa mujibu wa kila mtu uwanjani, kipa alikuwa amesema kitu kwa lugha yake na mpigaji alikuwa amevaa kofia. Ningesema "mchezo," mpira ungerushwa, na mkaguzi angeandika kwamba Madam Boke anasimama vizuri, anahesabu vizuri. Mrushaji alikuwa ameshageuka, ameanza kukimbia.

Nilinyosha mkono wangu pembeni, nikamzuia. Nikasema mpira umekufa, yaani hauhesabiwi. Nikamwita nahodha wetu.

Alikuja mbio, uso umejaa mshangao. "Nini tena, Madam? Tuko kwa ova muhimu."

"Kipa wako ametoa lugha isiyofaa."

"Lugha gani? Mbona sijaskia kitu? Kuna mtu amelalamika?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Mwambie arudie alichosema, kwa Kiswahili, hapa, tukimsikia wote."

Ochieng' akatabasamu, ile tabasamu ya mtu aliyelipa nauli. "Aa, Madam, nilikuwa naongea na bowler tu. Mambo ya kwetu."

"Basi mambo ya kwenu tuambie."

"Ni kumwambia tu arushe fupi."

Nikamjibu kwa Kiluo. Niliuvunja mfungo wa miaka yote, na wala sikupandisha sauti. Nilimwambia nimemsikia tangu mpira wa kwanza, kwamba ile ya kuku wa mama mkwe ilikuwa nzuri na ningependa kuiiba, na kwamba hili la sasa alirudie kwa lugha ambayo kila mtu hapa anaielewa. Kama haliwezi kusemwa hivyo, ajiulize kwa nini.

Tabasamu ilimtoka. Alifungua mdomo. Kijana ambaye hakuwahi kukosa neno alisimama pale akilitafuta la Kiswahili, na nadhani aliyapata yote, moja moja, na kila aliloshika lilimchoma. "Nilisema..." akaanza. Akaacha.

Ndipo Daudi akazungumza, kwa Kiluo cha Rorya, chepesi kama cha kwetu.

"*Omera*," akamwambia, yaani ndugu yangu, "*minwa osetho*."

Mama yetu amefariki. Wale waliokuwa karibu kwenye pikipiki walisikia, na nikaliona neno likizunguka uwanja kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, kofia zikivuliwa.

Ochieng' alivua glavu. Kipa havui glavu katikati ya mechi, hata akitaka kujikuna. Alizidondosha mkekani, akapangusa mkono kwenye suruali, akaunyosha kumpa pole, kwa sababu kwetu humpiti mfiwa bila kumpa mkono.

Daudi aliutazama. Hakuupokea.

"Huo nitaupokea jioni," akasema. "Sasa chukua glavu zako. Nimeacha watu matangani nije kucheza, acha nicheze." Alirudi kwenye mstari wake, akachora alama kwa kiatu. Kisha, bila kugeuka: "Na usininyamazie. Ukininyamazia nitaanza kumkumbuka."

Nawaambia, nimesikia maneno mengi uwanjani, lakini hilo ndilo lililobaki.

Nilimwonya Ochieng' rasmi mbele ya nahodha wake, nikasema taarifa itaandikwa. Nahodha akasema, "Madam, lakini ameshaomba msamaha." Nikamwambia hiyo ni yake na Daudi, taarifa ni yangu. Tukarudi kila mtu mahali pake.

Mpira uliofuata ulikuja na kupita katika ukimya wa kanisa. Uliofuata pia. Ochieng' alikuwa amechuchumaa akitazama mkeka. Nilimwona Daudi akianza kulegea mabega, na nikajua mama yake anamkaribia. Ochieng' naye alijua. Akakohoa.

"Bado," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "bado unashika kama kuku wa mama mkwe."

Mabega ya Daudi yalipanda tena. "Kuku mwenyewe umemwona?" akajibu. "Jogoo mkubwa hivi."

"Jogoo gani, amekonda. Mama mkwe atamrudisha."

Wakaendelea hivyo, na mimi nikawaacha, na mikimbio ikaongezeka mmoja mmoja mpaka Watanzania wakabakiza kidogo sana. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza. Nikageuza shavu.

Mrushaji wetu akarusha mpira mmoja mzuri, ulioangukia mbali kidogo na viguzo na kuzidi kwenda pembeni. Daudi aliunyoshea mikono. Watu wa pikipiki walikuwa wanapiga kelele tayari. Mpira ukatua mikononi mwa Ochieng'. Gongo lilikuwa limekwaruza mkeka wakati ule ule, na fagio lile lilisikika uwanja mzima. Lakini ndani ya fagio nilisikia kijiti cha kibiriti.

Ochieng' hakupiga kelele ya kudai. Aliinua mpira tu, akanitazama kwa uso wa mtu anayeomba asiulizwe. Mrushaji ndiye aliyedai, kwa sauti yote.

Nilijiuliza mara ya pili, kama nilivyofundishwa. Daudi alikuwa amesimama ananitazama, kichwa chake kilichonyolewa kimefichwa chini ya kofia, na mimi ningeweza kusema, na kila mtu angeniamini, kwamba lilikuwa ni gongo kwenye mkeka. Hakuna ambaye angenilaumu. Hata wengi wa watu wetu, nadhani, walitaka abaki.

Nikanyanyua kidole.

Akatia gongo kwapani akaanza kutembea. Alipopita karibu yangu alisema, "Umesikia vizuri, mama," na akaenda zake. Watanzania wakashindwa kwa mikimbio michache tu. Jioni, nje ya hema, nilimwona akiupokea mkono wa Ochieng', na kuushika muda mrefu.

Mkaguzi aliniita kando ya birika.

"Pale uliposimamisha mchezo, nani alilalamika?"

"Hakuna."

"Basi ulisimamisha kwa nini?"

"Kwa sababu nilisikia."

"Na yule uliyemtoa? Mimi kutoka hapa niliona gongo limegonga mkeka."

"Lilikwaruza mkeka. Na mpira ukagusa ukingo. Nilisikia."

Akatikisa kichwa. "Una hakika sana na masikio yako, mwalimu."

"Ni yale yale," nikamwambia. "Siwezi kuyafungua kwa mpira na kuyafunga kwa matusi."

Aliniheshimu kwa jibu hilo, lakini hakunipitisha. Akasema kusimamisha kulikuwa haki. Kosa ni kuzungumza na mchezaji kwa lugha ambayo nahodha wake hakuielewa. Mgeni angedhani ninapanga naye. Hapo alinishika. Bwana Jayanti alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa shamari. Hakusema pole. Alisema, "Mwakani mkeka utahitaji misumari mipya. Uje mapema tuupigilie."

Niliandika taarifa usiku huo huo, na Ochieng' akafungiwa mechi kadhaa. Kisegi walinisema sana. Mama mkwe wangu, ambaye ndugu zake wako huko, alipepeta omena zake mwenyewe siku chache, kisha akaniomba tena nimpepetee. Mimi nilirudi kwenye mechi za shule, za Jumamosi, juani, nikihamisha vijiwe. Sikukosa hata moja. Nilijua mlango unafungwa, na nilikusudia kuwa nimesimama mbele yake ukifunguliwa mara ya mwisho.

Mwaka uliofuata walikuja tena. Mkaguzi alikuwa yule yule, hema lile lile. Nilipita mwaka huo, ndiyo maana mnaona koti hilo ukutani, na nilisafiri nalo mpaka magoti yangu yalipokuwa kama ya Bwana Jayanti. Lakini siku ile sikuwa nimejua bado. Nilikuwa nimesimama tu nyuma ya viguzo, nikihesabu.

Daudi aliingia na nywele zimeota. Alinisalimia, akaniomba mstari wake. Wakati nampimia aliniambia kwa sauti ya chini kwamba katika zile wiki za kufungiwa Ochieng' alivuka Isebania na sukari na majani ya chai, akakaa kwao Rorya siku nzima na wafiwa, na aliwachekesha shangazi zake wote.

Kisha Ochieng' akachuchumaa. Mrushaji akaanza kukimbia kutoka mbali. Na Ochieng', kwa Kiswahili chake cha akiba ndogo, lakini kwa sauti iliyowafikia nahodha wa Nairobi, waendesha bodaboda na mkaguzi chini ya hema, akasema:

"Jamani watu wa Suna, chungeni mama wakwe zenu. Huyu mtu amekuja tena na yule kuku."

Nahodha akacheka. Wadakaji wakacheka. Daudi alicheka mpaka ikabidi aondoke kwenye mstari, na mrushaji akasimama. Mimi kamba ya kiatu changu ilikuwa imefunguka kwelikweli. Sikuinama kuficha kicheko.